Usimlete Brighton Kwanza

Chemba, 3 Machi 2024

Hilda,

Hujambo na mwanao? Mimi mzima, ila wewe huna haya. Kitukuu changu ana miezi mitatu namjua kwa picha! Na nani kawatuma kumwita Brighton? Mumeo amehamishiwa Bukoba, mwisho wa mwezi mnaondoka. Mlete Jumamosi nimpakate.

Nina vipele ubavuni, upande mmoja, vinaunguza kama majivu ya moto. Jirani Emilia anasema nimerogwa. Nikamuuliza, nani apoteze kuku wake kwa mganga kwa ajili ya kizee hiki?

Bibi yako, Edina

Chimwaga, 5 Machi

Shikamoo Bibi,

Sisi wazima, ila umenitia hofu. Huo ni mkanda wa jeshi. Kirusi cha tetekuwanga uliyougua utotoni hakikutoka, kilijificha kwenye neva, sasa kimeamka. Ndicho nilichokisomea hapa chuoni. Ndani ya seli, protini yake moja hushika mahali maalumu kwenye uzi wa DNA yake, ikaanza kuufungua hapo. Nyingine huutenganisha, nyingine hunakili kila upande, vikazaliwa virusi tele. Dawa ya hospitali hujifanya kipande cha uzi: ikichomekwa tu, kunakili kunakwama. Nenda leo hii.

Lakini majimaji ya vipele yanaweza kumwambukiza mtoto. Tusubiri vikauke vyote.

Mjukuu wako, Hilda

Chemba, 12 Machi

Hilda,

Marahaba. Mmeamkaje? Vidonge nameza. Kirusi gani hakina adabu! Nimekilisha tangu niko binti, leo kinaamka kuzaana uzeeni mwangu. Habari ya uzi nimeielewa, nimesokota kamba za ng'ombe maisha yangu yote. Kamba hufumui popote, unatafuta pa kuanzia.

Vingine vimekauka, vya chini ya kwapa bado vibichi.

Bibi yako

Chimwaga, 22 Machi

Shikamoo Bibi. Unaendeleaje? Lori la mizigo linakuja Jumatatu. Jifunike vizuri, nimlete kesho umwone hata kwa mbali.

Hilda

Chemba, siku hiyohiyo

Nakujibu kwa basi lilelile lililoleta barua yako. Wewe umesoma au umechezea chaki? Nikimwona sitakaa mbali, najijua. Usimlete.

Bibi

Chemba, 2 Aprili

Hilda,

Mlifika salama? Mtoto hakukohoa njiani na baridi ya huko? Mimi nimepona. Gamba la mwisho lilidondoka juzi, nikaoga, nikavaa kitenge kipya, nikakaa mlangoni kama mjinga. Emilia akaniletea mjukuu wake nimpakate. Nikampakata kidogo, nikamrudishia. Mzuri, lakini si wangu.

Huyo Brighton akianza kutembea, mwambie safari ya kwanza ni ya huku.

Bibi yenu, Edina