Ukuta Umesimama Pichani Tu

Shangazi mpendwa,

Naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unigombeze, maana maji yamenifika shingoni na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni mpiga picha, na riziki yangu naipata kwa kupiga picha za nje za nyumba zinazouzwa. Dalali anayenipa kazi ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na muda wote huu hatujawahi kukwaruzana, yeye analeta nyumba, mimi naipendezesha, naanua nguo kambani, nahamisha ndoo na viatu vya mlangoni, nasubiri jua liupige ukuta wa mbele, kisha nikirudi kwenye kompyuta nang'arisha anga na kuikoleza rangi ya bati, lakini ufa sijawahi kuufuta, Shangazi, hata mmoja, naapa.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wa kazi hii tunalifanya bila hata kufikiri. Ukiipiga nyumba kwa karibu, kamera ukiielekeza juu kidogo, kuta huonekana zimelala, kwa hiyo kila picha tunainyoosha kwenye kompyuta mpaka kuta zisimame wima. Basi kulikuwa na nyumba moja kwenye kichochoro chembamba, nikainyoosha kama kawaida, ila ukuta wa kushoto ulipokaa sawa, nguzo ya umeme iliyo pembeni yake ikalala upande, ikaniudhi, nikaifuta, kwani nani anataka nguzo na nyaya mbele ya nyumba anayoinunua, na picha ikatoka nzuri mpaka shemeji akanipigia makofi.

Nyumba ikanunuliwa na muuguzi anayefanya kazi ng'ambo, alimnunulia mama yake mzazi, hakuja kuiona, aliiamini picha. Juzi akaniomba niichapishe kubwa, niitie fremu, nimpelekee mama ambaye ameshahamia. Nikaenda. Mama akanipokea kwa furaha, akasimama nayo nje, akaitazama picha, akaitazama nyumba, akacheka akasema, "Mwanangu, mbona ya kwako imesimama kuliko ya kwangu?" Nami nikacheka, halafu nikainua macho. Ukuta umeinama kwa nje, na nguzo ile niliyoifuta imesimama wima kando yake. Kumbe nguzo ndiyo ilikuwa inasema kweli.

Ndani ni balaa zaidi. Mlango wa chumba cha kulala haufungi tena, na mama anafagia chokaa kila asubuhi, ananiambia, "Nyumba hii inapukutika kama mimi," na kitanda chake kimesukumwa hadi kwenye ukuta huohuo. Nikaaga. Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji, akanijibu, "Shemeji, kazi yako ni kupiga picha, kupima kuta nani kakutuma? Nyumba ishauzwa, yamekwisha." Mume wangu naye akasema, "Ukimchafulia kaka jina, mimi uso wangu nitauweka wapi?" Si mtu mbaya, Shangazi, ila kaka yake ndiye aliyemlea. Nikisema nakosa kazi na navunja undugu, nikinyamaza, mawingu yameanza kukusanyika, na kila upepo ukivuma moyo wangu unaruka. Nifanyeje?

Mpiga picha wenu

*

Binti yangu,

Nimekuonea huruma, na huruma yangu ina mpaka. Kosa la nguzo nakusamehe. Mkono uliozoea kazi hukimbia mbele ya macho, hata mimi nimewahi kumjibu mtu barua ambayo sikuisoma vizuri. Lakini tangu mama yule alipocheka mlangoni pake, hilo si kosa la kompyuta tena. Umeuona ukuta kwa macho yako, kisha ukaenda kuomba ruhusa ya kusema. Ruhusa ya nani? Shemeji yako halali chumba kile, wala mumeo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umempa taarifa dalali, umempa taarifa mume, na mimi nisiyekujua umenipa taarifa. Mwenye kitanda hujamwambia hata neno. Ulimwachia fremu, ukaaga. Hilo limeniuma, na nataka nawe likuume. Methali ya ufa na ukuta umeisikia tangu utotoni, sitakuimbia.

Anza na kitanda. Kabla ya fundi, kabla ya simu ya ng'ambo, nenda ukamwombe jirani mmoja msaidiane kukihamishia upande wa pili wa nyumba, na chumba kile kisilalwe tena. Mweleze mama waziwazi kwamba ukuta unaanguka na kwamba picha yako iliuficha. Usimzunguke. Mtu wa umri wake ameshapokea habari nzito kuliko hiyo, na atakuheshimu zaidi ukimwambia ukiwa umesimama mbele yake.

Kisha mwombe mwashi yeyote timazi, ile kamba yenye uzito chini. Itundike kutoka juu ya ukuta, urudi nyuma, upige picha kamba, ukuta na nguzo vyote vionekane. Usinyooshe kitu, usifute kitu. Mtumie muuguzi picha hiyo pamoja na ile ya mwanzo, ilivyokuwa kabla hujaigusa kwenye kompyuta, na umwambie atafute fundi wake mwenyewe, asiletewe na dalali.

Shemeji mwambie baada ya kutuma. Ukimwambia kabla, mtaitisha kikao, na vikao vya ukoo vinajua kuchelewa. Nenda na mumeo, kaa chini, sema kwa adabu, "Shemeji, nimeshamwambia mwenyewe." Kama ana akili atajiunga nawe kulitengeneza jambo hili, maana jina lake litaharibika zaidi ukuta ukianguka. Akikunyima kazi, itakuuma, sikudanganyi. Na mumeo muulize tu kama angenyamaza iwapo mama yake ndiye angekuwa anaifagia chokaa ile. Akikasirika, mwache akasirike.

Barua yako imenifikia kurasa zetu zikiwa bado hazijaenda mtamboni. Nimeipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, nikairudia, inaita tu haipokelewi. Jana huku kwetu mvua imeanza, huko kwako sijui. Kwa hiyo kama umefika mstari huu na mama yule bado analala chini ya ukuta ule, sina ushauri mwingine wa kukupa. Weka gazeti chini, nenda.

Shangazi