Magamba Kumi na Matatu

Jumatatu, 12 Januari. Chovai.
Nimekata dumu la mwisho la mafuta ya kupikia. Magamba kumi na matatu yametimia, yameshonwa juu ya wavu uliotupwa na maji ufukweni. Chini yake, chupa tupu zilizozibwa. Koti la ng'amba, kasa mwenye magamba kumi na matatu mgongoni, kwa mwaka ambao bahari itaingia majumbani nasi tutalazimika kuelea kama kasa. Jumamosi ni maonyesho ya sanaa, Kismayu. Nimeahidi kwamba litaelea. Karatasi ya maelezo inasema: "Wavuvi wetu ndio waliowamaliza ng'amba." Sentensi kali. Nadhani ni ya kweli.

Jumatano, 14 Januari.
Aibu. Kila nilipoogelea, magamba yalifunguka, yakazoa maji, yakanivuta chini. Ami Shee, mdogo wa marehemu baba, alikuwa akiisindilia mashua yake kalafati, pamba ya kuziba nyufa. Alicheka hadi akakaa mchangani.
"Mwanangu! Chuo kikuu miaka minne, na ng'amba umemshona kinyume!"
Nilikasirika. Yeye aliyewavua kwa chaza, samaki anayeng'ang'ania gamba la kasa, kafungwa kamba mkiani. Anifundishe yeye?

Alhamisi, 15 Januari.
Nilimpelekea hata hivyo. Alifumba macho, akapapasa koti kwa kidole gumba, kutoka shingoni kushuka. Kwa ng'amba, akasema, gamba la mbele hulalia la nyuma, maji yapite. Mimi nilianzia shingoni, kila gamba likapanda juu ya lililotangulia. "Kwani makuti huezekwa kuanzia juu?" Tumefumua yote, tukaanza upya mkiani.
Akataka nimsomee karatasi. Nilisoma yote. Aliushika wavu wa koti.
"Kweli. Lakini wavu huu mnene si wa mchu wa Chovai, si wa mvuvi wetu yeyote. Ni wa meli kubwa, nao huwanasa ng'amba. Andika na hilo."

Jumamosi, 17 Januari. Kismayu.
Ami Shee alilivaa mwenyewe. Alielea chali, mikono kifuani, kama aliyelala kitandani kwake. Akina mama waliofurushwa na mafuriko ya mto Juba waliomba kipimo cha koti. Fahari imenijaa, siifichi. Sentensi ile nimeifuta, nikaandika mbili mahali pake: moja ya wavuvi wetu, moja ya meli. Sina hakika kama zinatosha.

Jumapili, 18 Januari. Chovai.
Nimelisuuza koti, nimelianika. Magamba kumi na mawili yameshikwa na uzi wangu. La kumi na tatu, la shingoni, limeshonwa kwa kamba nyembamba, kuukuu, iliyolainishwa na mikono. Kamba yake ya chaza, ile aliyowavulia ng'amba. Hakuniambia. Nami sitamuuliza.