Lami Imefika kwa Akina Bibiana

Jumatatu, 16 Aprili 2007

Miguu imevimba. Tumezunguka maonyesho ya biashara ya Pazhou tangu asubuhi, ukumbi hadi ukumbi, mimi na Bibiana. Huyu Bibiana nilimleta huku China, Guangzhou, mwenyewe miaka mitatu iliyopita, hajui hata kuuliza bei. Metro nilimpandisha mimi. Leo alitembea mbele yangu kama mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa natazama mashati ya watoto. Yeye hakugusa nguo hata moja. Cherehani tu! Cherehani za kiwandani, ovaloki, mashine za kutoboa matundu ya vifungo. Nikamuuliza kama sasa anafungua duka la cherehani. Akacheka, ndipo akanieleza.

Lami imefika kwao Lusanzo. Imekatiza mji katikati, na nyuma yake zikaja nguzo za umeme, zile kubwa za gridi. Serikali imetenga eneo la viwanda. Ukionyesha una mpango wa maana, halmashauri inakupa kiwanja. Yeye keshapewa. Anataka kushona sare za shule na suruali za kazi.

Nikamwambia hongera sana, mdogo wangu. Nilisema vizuri kabisa.

Lusanzo! Kilomita arobaini tu kutoka kwetu Igombelo. Sisi tulikuwa na soko, wao walikuwa wanakuja kwetu kununua chumvi.

Jumatano, 18 Aprili

Xintang, kwa laoban Huang. Nanunua jinzi kwake mwaka wa sita huu. Laoban ni bosi, na yeye ni bosi kweli – mwanamke mfupi, sauti ya filimbi, wafanyakazi themanini. Bibiana aliomba nimpeleke. Ningekataaje?

Huang alitupa chakula, akasimulia habari yake ile ile. Alipokuwa msichana hapa palikuwa na mpunga na miti ya lichi. Kwenda mjini ilikuwa safari ya siku nzima. Halafu serikali ikaleta barabara. Ikaleta umeme. Ikaleta maji. Ikawaambia wenye mashine waje, ardhi ipo. Kaka yake akaja na cherehani tatu. Sasa malori ya makontena hayaishi, na vijana wanatoka mikoa ya mbali kutafuta kazi hapa.

Nimeisikia mara nne habari hiyo, na siku zote naitikia tu. Leo iliniuma. Mto wao ni wa buluu kwa rangi ya jinzi, unanuka, na bado niliuonea wivu. Hata umeme wao ukikatika unakatika kwa ratiba! Imebandikwa ukutani – siku fulani, saa fulani. Sisi pamba tunalima wenyewe, tunaipakia kwenye magunia, inaondoka, halafu mimi napanda ndege kuja kuinunua ikiwa suruali.

Bibiana akauliza maswali, mimi nikatafsiri. Huang anabadilisha mashine zake. Anazo thelathini za zamani, nzima, anatafuta pa kuzipeleka. Bibiana akaziomba; Huang akasema atafikiri, atanipigia simu. Akanigeukia, akaniuliza na karakana yangu imefikia wapi. Maana nilimwambia tangu 2003 kwamba nitafungua karakana Igombelo. Anakumbuka. Umeme umefika? Nikamjibu karibu.

Bibiana aliniuliza tulikuwa tunaongea nini. Nikamwambia hali ya hewa.

Alhamisi, 19 Aprili

Nimempigia mama. Anasema wale watu wa barabara walikuja mwaka juzi, wakapima, wakachora X nyekundu kwenye kuta, wakaondoka. X ya nyumba yetu ameshaipaka chokaa mara mbili, inatokeza tena. Nguzo? Hajaona nguzo.

Nilishona kiwandani miaka tisa, mpaka siku walipofunga geti. Nilikuwa msimamizi wa laini ya suruali. Nikishika kitambaa najua kitarudi sentimita ngapi kikifuliwa. Bibiana hajui kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani! Alikuwa anauza vocha za simu. Lakini barabara imepita kwake.

Nimeandika hayo nikayasoma. Ni ya kweli yote. Na yananuka.

Jumamosi, 21 Aprili

Huang kanipigia mchana. Nilikuwa Kangle nachagua vitambaa, kelele za cherehani kila dirisha, nikaingia uchochoroni nimsikie.

Anasema amefikiri. Mashine thelathini atampa rafiki yangu, asilipe sasa, ziwe hisa ya laoban katika kiwanda. Atatuma na fundi mmoja kwa miezi mitatu. Yeye na kaka yake walianza hivyo, barabara ikiwa mpya, kabla watu hawajaamka. Lakini kuna mnunuzi mwingine, kwa hiyo anataka jibu Jumatano. Nimwambie.

Nikasema nitamwambia.

Jioni Bibiana alikuwa anapika wali chumbani. Akauliza kama laoban amepiga. Nikajibu, "Meiyou." Hakuna. Neno la kwanza analojifunza kila mtu hapa sokoni. Hata sikumtazama. Akasema basi, tusubiri, akanipakulia.

Nikala.

Jumapili, 22 Aprili

Misa. Sikusikia mahubiri. Bibiana alipiga magoti muda mrefu mno.

Tukiwa tunarudi, tumekaa ukingoni mwa mto kupumzisha miguu yangu, akaniambia: "Dada Eva, hata laoban akikataa nitanunua cherehani mbili mbili mpaka zifike. Ila wewe ndiye utakayesimamia ushonaji. Mimi sijui chochote, unajua."

Nikamuuliza nisimamie wapi. Lusanzo, akasema. Atanitafutia nyumba nzuri karibu na barabara.

Atanitafutia! Mimi niajiriwe na Bibiana. Niamke asubuhi nipite kwenye lami yao, nikawashe taa zao. Na jamaa zetu wa Igombelo wapite na baiskeli zao wanione getini.

Nikamwambia nitafikiri. Akanishika mkono. Ana mkono wa baridi, sijui kwa nini nimeandika hivyo.

Jumanne, 24 Aprili

Nimekwenda Xintang peke yangu. Nilimwambia Bibiana nafuata mzigo.

Nilimwambia Huang kwamba rafiki yangu anasitasita, kwa hiyo mashine nitazichukua mimi. Niliyatengeneza maneno njiani kwenye basi, Kichina changu cha sokoni, nikayasema yote bila kukwama.

Hakushtuka. Akauliza umeme. Nikasema jenereta. Akauliza barabara ya kutolea mzigo. Nikasema kiangazi inapitika. Akauliza maji. Nikashika kikombe changu kitupu.

Akanimiminia chai. Akasema kaka yake aliendesha jenereta mwaka wa kwanza, kazi ya siku nzima ikaishia kwenye dizeli, akakonda, nusura auze cherehani zake. Mpaka serikali ilipovuta laini ndipo alipolala usingizi. Halafu akasema taratibu, kama anavyoongea na mimi akitaka nielewe kila neno: "Wewe nakupenda. Ukitaka nakupa hata leo. Lakini utazipeleka wapi?"

Nilitazama nje. Lori lilikuwa linarudi nyuma mlangoni, vijana wawili wanapakia mabunda. Miaka sita nimemwona huyu mwanamke ana bahati, na mimi nina mikono. Leo nimejua nilichokuwa nakionea wivu si bahati yake. Ni ile transfoma iliyo nje ya geti lake. Mtu hawezi kununua transfoma sokoni akairudisha kwao kwenye kontena.

Akasema kesho saa sita niende na Bibiana. Nisipompeleka, mpwa wake anajua Kiingereza, atampigia yeye.

Usiku Bibiana alikuwa anachora mpango wa kiwanda nyuma ya karatasi ya maonyesho, akaniuliza meza ya kukatia vitambaa ikae wapi. Nikamwonyesha. Sikuweza kujizuia, aliiweka mbali na dirisha.

Jumatano, 25 Aprili

Naandika chooni kwa laoban Huang. Mlango nimeufunga.

Asubuhi nilimwambia Bibiana laoban anatuita, basi. Njiani nilitaka kumwambia yote. Basi lilikuwa jipya, barabara laini, kikombe hakiwezi kumwagika. Alilala begani kwangu nusu ya safari. Nikasema nitamwambia tukishuka. Tukashuka.

Huang alikuwa na karatasi mezani. Akaongea nami kwanza. Mashine anatoa, fundi anatoa, ila ana sharti. Mimi nikae Lusanzo mwaka mmoja, niongoze laini. Kama siendi, hatoi hata sindano. Anasema barabara haishoni. Kwa hiyo karatasi ina nafasi ya majina matatu, la kwake, la Bibiana na langu. Langu! Sikutarajia. Bibiana alikuwa ananitazama mdomoni, akisubiri nitafsiri.

Kabla sijafungua mdomo Huang akauliza lingine. Mbona rafiki yako anashangaa karatasi? Jumamosi hukumwambia?

Nikasema samahani, choo. Nikaja huku.

Nilidhani sina haja ya haraka, kwamba Bibiana hakuelewa. Lakini siku za wiki anazijua kwa Kichina, kwa sababu ya ratiba za mzigo kuondoka. Amenifuata. Yuko nje ya mlango, anagonga kwa kidole kimoja.

"Dada, uko salama? Laoban amesema xingqiliu. Jumamosi kulikuwa na nini?"

Sauti yake haina hasira. Bado ana wasiwasi na mimi. Nimemjibu nakuja. Kalamu ninayo, komeo nimelishika kwa mkono mwingine, na nikifunga daftari hili nafungua.