Ujima wa Kompadre Fortunato

Mpendwa Mama Delfina, Mungu akuzidishie. Nakuandikia nikiwa nimechoka mwili na roho, maana kazi yangu ni kupanda milima hii ya Quillabamba nikikagua mashamba ya ushirika wetu, nihakikishe kahawa tunayowauzia wanunuzi wa ng'ambo imechumwa bila mtu kuonewa, ndiyo sababu wanatupa bei nzuri, na kazi yenyewe nilitafutiwa na kompadre Fortunato, ambaye binti yake nilimsimamia ubatizo, nami sikuvuka shule ya msingi.

Sisi tunachumiana kwa ayni, ujima wetu wa tangu mababu, leo wote kwako, kesho wote kwangu, mshahara hakuna, na wanunuzi tuliwaeleza wakaelewa. Juzi nikafika kwa Fortunato, majirani wamejaa shambani, nikaketishwa kama askofu, nikawekewa simbilisi wa kuchoma.

"Kula, komadre," akaniambia, "uwaambie wageni hapa ni ayni tupu. Tunafanya kazi kwa upendo."

Mjane Saturnina, kikapu kiunoni, akadakia, "Huo upendo wako ni kiwete, don Fortunato? Mbona kwangu haufiki?"

Watu wakacheka, Fortunato akacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nikateremka kwa Saturnina, nikakuta kahawa imeiva mpaka imedondoka inaoza. Kila msimu anamchumia Fortunato, na Fortunato hajawahi kurudi kumchumia, wala wajane wenzake.

Wanunuzi wanakuja mwisho wa mwezi nami ndiye wa kuwapa neno. Nikisema, huenda wakauacha ushirika mzima, na Saturnina naye akakosa pa kuuza. Nikinyamaza, kahawa yake itaoza tena. Nimesali novena nzima, siku tisa, jibu sijapata, na kompadre kila akipiga simu ni lile lile: "Nani alikupeleka ofisini, komadre?" Nifanyeje?

Mkaguzi aliyechoka, Quillabamba.

JIBU

Pole, dada yangu. Milima hiyo naijua, magoti yangu yanakuonea huruma. Lakini acha nikukaripie. Ulicheka! Kicheko hicho ndicho Fortunato alichokichomea simbilisi.

Ayni haina kosa. Mwenye kosa ni anayepokea mikono ya watu akaificha yake. Huo si ujima, ni utumwa uliovalishwa nguo za sikukuu. Na ukomadre haukukufanya shahidi wake wa uongo. Ulimshika binti yake akibatizwa, siku moja atakuuliza baba yake ni mtu wa namna gani, nawe utamjibu nini?

Jumapili baada ya misa mwite kando, kwa heshima. Mwambie, "Kompadre, kesho alfajiri uko kwa Saturnina na wanao, chicha, pombe ya mahindi ya wachumaji, juu yako, halafu kwa wale wajane wengine." Akikataa, liseme mbele ya mkutano wa ushirika, na usishushe sauti. Shamba lake akague mwenzako kuanzia msimu huu. Wanunuzi waambie yote, kosa na mlivyolitengeneza. Mnunuzi mwenye akili huogopa zaidi ushirika usiokuwa na kosa hata moja.

Je, wanaweza kuondoka? Wanaweza. Sitakudanganya.

Lakini kwa Saturnina usingoje Jumapili. Kahawa inadondoka, nawe una mikono miwili. Kachume.