Mlango Nilioutengeneza kwa Ajili ya Mpunga

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na Lualaba imejaa mpaka kwenye majani ya ukingo. Nimerudi kutoka karakana ya treni kabla kazi haijaisha. Sina hamu ya chakula wala maongezi.

Omari amenisaliti.

Nimeliandika jina lake, na bado mkono hautaki. Omari ni kapita wetu karakanani, msimamizi wa mafundi, Mwislamu wa Kabambare. Mimi ni Mkristo wa Kasongo, ng'ambo ya mto, na hilo halijawahi kututenga. Ninamwita yaya, kama kaka niliyezaliwa naye. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kuchonga viti vya misioni akaniingiza kwenye mabehewa.

Wakati ule mpunga wetu ulisafiri kwenye mabehewa ya wazi, umefunikwa turubai tu. Ulifika umelowa, mwingine umeshaota ndani ya magunia, na lawama zikamwangukia mkulima. Kwa hiyo mhandisi Mzungu alipotaka behewa la kufunikwa, niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Kuta za mvule, mbao zimeumanishwa maji yasipenye. Paa la bati lenye mgongo, mvua iteremke pande zote. Mlango wa kusukuma pembeni, maana jukwaa la stesheni ni jembamba. Komeo nje, kwa ajili ya wezi. Behewa la kwanza lilipotoka nilimleta mke wangu, Veronika, na binti yetu Anna, walione.

Mwezi uliopita Omari alikuja na agizo jipya: matundu ya hewa juu, chini ya paa, yenye nondo, na tundu moja sakafuni, kwenye pembe. Nilimuuliza nondo za nini. Akasema mpunga unahitaji kupumua, na nondo zitazuia wezi. Lile la sakafuni eti la kutolea maji ya kuoshea.

Nikamwamini. Hata upana wake niliupanga mwenyewe.

Leo asubuhi aliniita stesheni nije na randa. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, mlango umekwama nusu.

Ndani walikuwamo watu.

Vijana wa Kabambare, wameketi sakafuni wamebanana, lile tundu la pembeni ndilo choo chao, askari wawili wamesimama mlangoni. Wanapelekwa migodini kwa nguvu, kwa sababu ya vita ya Wazungu. Karibu kabisa na mlango alikuwa Kitenge, mdogo wake Veronika, ambaye tulidhani yuko Lusangi analima. Aliponiona uso ukamng'aa.

"Shemeji," akasema, "umekuja kunitoa."

Nilimgeukia Omari nikamuuliza kama alijua tangu siku ya matundu. Aliwatazama askari kwanza.

"Nilijua, Baba Anna," akasema kwa sauti ya chini. "Ningekuambia, ungekataa, nao wangekuweka humu pamoja nao. Randa mulango. Usiangalie mutu."

Labda ni kweli alinihurumia. Lakini kukataa kulikuwa kwangu, si kwake. Aliniacha nijenge gereza huku naimba.

Nikaiweka randa chini. Nikamwambia mlango ule siufungi. Mungu anajua nilitegemea kwamba angesimama upande wangu, hata kwa kunyamaza tu. Aliinama, akaiokota, akaranda mwenyewe, taratibu, akipapasa mbao kwa kidole kila mara. Kisha akausukuma.

Ulifungika vizuri sana.

Kitenge aliendelea kuniita kupitia matundu ya juu, mpaka treni ilipoondoka.

Omari alinifuata njiani. Akasema atamwambia mhandisi kwamba nina homa, nipumzike, nirudi kesho kutwa, mambo yatapoa. Sikugeuka. Nadhani alisimama pale mvuani muda mrefu, lakini sitaki kumwonea huruma leo.

Sitarudi karakanani. Kukipambazuka nitavuka mto, nishike njia ya Lusangi kwa miguu, nimwambie mama mkwe ana kwa ana kabla hajasikia sokoni.

Lakini kwanza Veronika. Yuko nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni, na anadhani nimerudi kwa sababu ya kichwa. Mara mbili nimeinuka kwenda kumwambia, mara mbili nimekaa tena.

Sasa ameacha kutwanga. Namsikia anakuja.

Nianze na neno gani?