Miguu ya Barasa Ilikuwa Ndani

Sundbyberg, Jumapili jioni

Mama yangu,

Mulembe. Natumaini mguu wako umepoa na mvua haijaharibu maharagwe. Sisi huku tuna afya; Zawadi anaota upya meno ya mbele na anakula kama mchwa. Hiyo ndiyo salamu, nami nimeitoa kwa moyo mweupe. Sasa tuongee.

Jana ulinikatia simu. Kadi ilikuwa bado haijaisha, nikabaki nimeishika simu sikioni kama mjinga. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata, na hata ukiitupa utairudia kuiokota, nakujua.

Ulisema nimemkana Baba. Neno hilo limeniuma kuliko yote niliyotukanwa uwanjani, na nilitukanwa sana. Mwanao Barasa amekusimulia yake. Sikia na yangu, ndipo uhukumu.

Kila kiangazi Wakenya wa huku hucheza na Wakongo kwenye uwanja mmoja ulio Spånga. Wanawake wanachoma nyama, watoto wanakimbizana wakisema Kiswidi, na wazee wa pande zote mbili wanabishana ni nani anaongea Kiswahili kibovu zaidi. Mwaka huu walikosa mtu wa kushika kibendera pembeni. Wakanifuata mimi, kwa kuwa nilisomea urefa kwenye klabu ya mtaani na huwa nachezesha watoto wa shule. Nilikataa. Nikawaambia, mdogo wangu anacheza huku, mume wangu ni golikipa kule, mnanitafutia ugomvi bure. Unajua aliyenisihi ni nani? Barasa mwenyewe. "Kubali bwana, si wewe ni damu yetu," akasema. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Tulikuwa sare na mchezo unaelekea kwisha. Kijana mmoja wa kwetu akampigia Barasa pasi ndefu ya juu, upande wangu kabisa, karibu na kona. Upepo ukaupeleka mpira nje. Barasa akafanya ule ufundi wa nyumbani: akasimama kwa vidole kwenye ukingo wa ndani wa mstari, akajipinda hadi mwili ukaning'inia nje, akaupokea mpira kwa kifua na kuurudisha uwanjani. Kisha akapiga krosi, mwenzake Otieno akaruka akapiga kichwa, bao. Wakenya walishangilia hadi jiko la nyama likapinduka.

Lakini kibendera changu kilikuwa juu tangu mpira ulipogusa kifua chake. Nilisimama sambamba na mstari, Mama. Niliiona chokaa, nikaziona nyasi za upande wa nje, na mpira ulikuwa juu ya zile nyasi, wote, bila hata ukingo wake mmoja kubaki juu ya chokaa. Na sheria ni moja dunia nzima: mpira wote ukiuvuka mstari wote, umetoka, uwe chini au uwe hewani. Miguu ya mchezaji haiulizwi.

"Nekesa, miguu yangu ilikuwa wapi?" Barasa alinijia juu. "Si uliona viatu vyangu? Vilikuwa ndani! Na mpira haukugusa chini!"

"Sitazami viatu. Mpira ulitoka."

"Baba alitufundisha nini? Hebu sema hapa mbele ya watu, Baba alitufundisha nini?"

Mume wangu Amani akaja mbio kutoka golini. "Beau-frère, shemeji, acha bibi yangu. Balle ilitoka, mi niliona." Nikamgeukia naye nikamwambia anyamaze, maana alikuwa mbali na hakuona kitu. Hilo Barasa hakukusimulia, sivyo? Yeye alininyang'anya kibendera, akakivunja kijiti chake kwa goti, akanirushia vipande. "Peleka bendera yako Bukavu!" Mbele ya mtoto wangu. Watu wa kanisani, ninaowapikia chai kila Jumapili, wakaanza kuimba kwamba nimenunuliwa. Nao Wakongo walionipigia makofi walinichefua vilevile, kana kwamba nimewafanyia hisani.

Kwenye treni Zawadi aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini mjomba anatuchukia. Nikamwambia atazame nje.

Sasa hilo la Baba. Ni kweli, kwenye uwanja wa shule yetu mstari ulikuwa mfereji aliouchimba yeye kwa jembe, na mpira haukuhesabiwa umetoka mpaka uanguke ng'ambo yake. Lakini unajua sababu. Ng'ambo ile ilikuwa miwa ya yule jirani mwenye mbwa, na mpira ulioingia mle ulirudi umetobolewa, au haukurudi. Baba aliweka kanuni ile ili wavulana wajifunze kuuwahi kwa kifua kabla mbwa hawajauwahi wao. Ilikuwa kanuni ya miwa tu. Barasa ameibeba hadi Ulaya kama amri ya Musa.

Na ile siku shule ya ng'ambo ya mto ilipokuja kucheza kwetu, Baba akiwa refa? Mvulana wetu aliuwahi mpira vivyo hivyo, akatoa pasi, tukafunga, na Baba akalikataa bao. Akasema wageni hawaijui miwa yetu, leo tunafuata kitabu cha sheria. Tukafungwa. Wazazi wakamzomea hadi langoni kwetu. Nawe, Mama, jioni ile ulimwekea ugali bila mboga. Nilikuwa nimekaa karibu na meko, niliona. Barasa ulikuwa umembeba mgongoni, hawezi kukumbuka. Baba aliula ule ugali mkavu hadi ukaisha.

Sasa Barasa anasema sitamshika mwanawe mchanga kanisani siku ya ubatizo, na kwamba dada wa mkewe ndiye atakayempa jina. Tangu lini? Katika mji wetu jina la mtoto hutamkwa na senge, dada wa baba yake, na senge ni mimi, hakuna mwingine. Jina la Baba nimelitunza tangu tulipomzika, nikisubiri kichwa cha kuliweka. Nawe unaniambia niombe msamaha. Siombi.

Nataka kitu kimoja tu. Mpigie Barasa huko Södertälje umsimulie habari ya ule ugali. Nikimsimulia mimi atasema ni maneno ya mke wa Mkongo. Na neno hilo kalitoa kwako, kwa maana tangu niolewe hujamtaja mkweo ila "huyo Mkongo". Anaitwa Amani. Ndiye aliyelala nami sakafuni tulipopata habari za msiba wa Baba.

Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli na binamu zangu wote wanaokuchotea maji. Yule jirani wa miwa, kama bado yu hai, msalimie pia, lakini mbwa wake hapana.

Barasa akija mlangoni kwangu na kumsalimia shemeji yake kwa jina, nitampokea mwanawe na kumwita Wanjala, jina la Baba. Nawe ukiona bado nimekosea, nitakapokuja nyumbani niwekee ugali bila mboga. Nitaula hadi uishe.

Ni mimi, binti wa Mwalimu,
Nekesa