Mahali Pako Juu ya Pikipiki

Mke wangu mpendwa, mama wa Mado,

Nakuandikia nikiwa nimeketi barazani kwetu hapa Panda, baada ya sala ya asubuhi. Pikipiki imesimama mbele yangu. Nimeiosha, lakini vumbi la kwenu limebaki katika pembe ambazo kitambaa hakikuzifikia. Nimetoka kwa dada yako. Ulinituma, nami nimekwenda. Ni haki yako kujua jinsi nilivyokwenda, kwa maana safari hiyo imeniondolea kitu kilichokuwa chako, na sikuwa na namna ya kukuomba ruhusa.

Unakumbuka siku pikipiki hii ilipoingia katika ua wetu? Padri mzee wa misheni alikuwa akirejea kwao Ulaya, moyo wake ukiwa umechoka, akaiacha kwa ajili ya kazi yangu ya ukatekista. Iliundwa kwa safari ndefu: tangi pana kama tumbo la ng'ombe, kioo kikubwa cha kukinga upepo, sanduku la bati kila upande. Hata wakati ule ilikuwa ya zamani. Wewe uliizunguka taratibu, ukaligonga tangi kwa kidole kama agongaye chungu sokoni, ukasema:

"Ile padri alikuwa murefu kama mulingoti. Weye utafikia gido na nini? Na kijiti?"

Nilipanda ili nikuonyeshe. Vidole vyangu viliufikia usukani kwa shida, kifua kikalala juu ya tangi, nawe ukacheka mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nilikasirika kidogo. Leo ningetoa mengi nikasirishwe tena vile.

Kiti chake kilikuwa kigumu na kimepasuka. Ulilifungua godoro letu la kwanza, lile alilozaliwa Mado juu yake, ukatoa sifongo, ukaipunguza kwa kisu, ukaifunika kwa turubai na kuishona kwa sindano ya magunia. Katikati, kati ya mahali pangu na mahali pako, uliinua tuta, kwa sababu katika miteremko ulikuwa ukiniangukia mgongoni. "Kila mutu abakie kwake," ulisema, ukakata uzi kwa meno.

Lakini wewe hukubaki kwako hata safari moja. Tulipovuka daraja la kwanza tu, ulikuwa umekwisha kulipita tuta lako na kuweka shavu lako kati ya mabega yangu. Mimi nikasogea mbele ili upate nafasi. Mwaka baada ya mwaka nilisogea, hata magoti yangu yakazoea kulikumbatia tangi, na mabega yakazoea kupanda. Ndivyo nilivyojifunza kuiendesha. Sikujua namna nyingine.

Hivyo tulizifikia jumuiya zote za njia ya Mwadingusha, sanduku la kushoto likiwa na vitabu vya nyimbo, la kulia likiwa na bukari yako, ugali uliofungwa katika kitambaa. Ulisali rozari sikioni mwangu. Ulipoona shimo uliikata Salamu Maria katikati, ukapiga kelele, "Shimo!", kisha ukaendelea palepale ulipoachia bila kupumua. Nilikuambia kwamba sala haisaliwi hivyo. Ulijibu kwamba Mama wa Mungu naye alipanda punda akiwa mjamzito, basi anajua mambo ya njia mbaya.

Kisha kifua chako kikaanza kukuuma.

Sitarudia mambo ya hospitali. Nitaandika tu maneno uliyoniambia pale, ukiwa umeushika mkono wa shati langu, kwa maana ndiyo niliyotembea nayo tangu siku ile. Ulisema: "Utaenda kwa yaya Veronika. Usiende kama muzigo ya mutu, nyuma ya moto ya batoto ba taxi. Ufike weye mwenyewe, vile ulikuya kunichukua." Nilikuahidi kwamba nitamfikia dada yako bila kupakiwa pikipiki ya kukodi. Ukasema tena, "Ufike mwenyewe," kana kwamba hukunisikia.

Wajua desturi ya kwenu. Mke akifa, kifo chake hukaa juu ya mume hata watu wa upande wa mke wakiondoe kwa unga na kwa maneno. Huko ndiko kwenu huitwa kutosha kifo, yaani kukitoa. Nilimwuliza padri wetu wa sasa, akanijibu kwamba Misa ya wafu imekwisha kukukabidhi kwa Mungu, na kwamba unga wenye sala hauna ubaya kati ya familia mbili zenye huzuni. Dada yako mkubwa ndiye aliyekuwa na haki ya kufanya hivyo, na miguu yake haikumruhusu kufika kwenye maziko yako. Ilinipasa kwenda kwake.

Nami sikuweza; mwili ulikuwa umezeeka. Hili hukuliona, basi nikueleze. Siku ya kwanza nilipojaribu nilifika pale lami inapoishia. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi juu ya usukani, kiuno kilikuwa kinawaka moto. Nilipopunguza mwendo ili nipumzike, mguu haukushuka kwa wakati, na pikipiki ikalala juu ya ubavu wake polepole, nami pamoja nayo. Vijana wawili waliokuwa wakisukuma baiskeli za makaa waliziegemeza kwenye kichuguu, wakaja kuniinua.

"Muzee, iyi haiko moto, iko ng'ombe," mmoja alisema akiishika pembe za usukani. "Ulikuwa unataka kuikamua?"

"Acha kucheka muzee," mwenzake akamkemea. "Baba, mikono iko namna gani?"

"Siisikii," nikamjibu.

"Basi rudia. Kule mbele njia iko mubaya kupita hapa."

Nikarudi. Wakati huohuo kule kwenye jumuiya za kwenu watu walikuwa wakifa, kama kawaida. Ni Wakristo wema, unawajua. Lakini hawakutaka mtu mwenye kifo juu yake awazikie wafu wao. Mama mmoja alimfukia mtoto wake bila sala, kwa kuniheshimu na kwa kuniogopa. Habari hiyo nililetewa na muuza samaki mlangoni kwetu. Tangu siku ile nilielewa kwamba kuchelewa kwangu hakukuwa jambo langu peke yangu.

Nilimpelekea Kazadi pikipiki, yule fundi aliyezoea kula kwako. Alinitazama nikiwa nimeipanda, akatikisa kichwa. "Baba, weye hauko na mikono ya padri. Tutakuletea gido kwako." Akaurudisha usukani nyuma na kuuinua kwa vipande vya chuma. Mikono ilipata nafuu, maumivu yakahamia kiunoni. Akavishusha vikanyagio na kuvisogeza mbele. Kiuno kikatulia, maumivu yakahamia magotini, yakakaa humo kama mpangaji asiyelipa.

"Imebaki kiti," Kazadi akasema. "Iyi tuta inakusukuma mbele. Nikate?"

"Hapana."

"Baba, iko sifongo tu."

"Kazadi, nimesema hapana."

Aliuangalia ule mshono wako, akafuta mikono.

Kisha dada yako akatuma neno kwa wasafiri: shemeji afanye haraka, macho ya dada yanazimika, naye hataki kumtosha kifo mtu asiyemwona.

Mado alikuja kutoka Shituru kunisalimu. Alinikuta nikizunguka uwanja mbele ya nyumba kwa pikipiki, nikijaribu mwili wangu, akanipiga picha kwa simu yake, nadhani ili ampelekee mume wake wacheke. Halafu aliitazama ile picha, wala hakucheka.

"Baba, ona."

Nilivaa miwani. Nikaona mzee aliyebanwa juu ya tangi kama mtu aliyepakiwa wa mwisho katika lori, mabega yamefika masikioni, magoti yamekunjika. Nyuma yake, baada ya tuta lako, nusu nzima ya kiti ilikuwa tupu, safi, imepanguswa vumbi. Kwa maana nilikuwa naipangusa kila mara kabla ya kupanda.

"Baba," Mado akasema, "unangojea nani apande?"

Hakusema kwa ubaya. Mara aliposikia maneno yake mwenyewe alijifunika mdomo, akaingia jikoni. Alipika bukari, tukala tukiwa tumeinamisha vichwa.

Nilisali juu ya jambo hili muda mrefu kuliko nilivyosali juu ya mambo mengi makubwa. Wanafunzi wangu wa katekisimu hujifunza kwamba wafu hawahitaji viti. Mimi ndiye niwafundishaye. Hata hivyo nilichukua wembe, nikauweka chini, nikauchukua tena. Ulikuwa umefunga fundo kila baada ya mshono, mama Mado, uzi usije ukafumuka wote mshono mmoja ukikatika. Ulitaka ule mshono udumu. Ilinibidi kukata fundo moja moja. Ndani sifongo ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, inanukia petroli na jasho. Nikaipunguza kwa kisu kilekile cha jikoni mpaka tuta likalala. Nikalirudishia turubai kwa mkono wangu, vibaya, kama mwanamume ashonavyo.

Kisha nikapanda, nikarudi nyuma. Nikakaa pako.

Nitakuambia ukweli, kwa maana hatukuzoea kudanganyana. Nilikaa vizuri. Mgongo ulinyooka wenyewe, mabega yakashuka, viwiko vikalegea, na usukani ule aliousogeza Kazadi ukaja mikononi mwangu kana kwamba ulipimwa juu yangu. Magoti yakafunguka. Hapakuuma popote. Nililia kwa sababu hapakuuma. Miaka yote ile mwili wangu ulikuwa umejikunja kwa ajili yako, na kumbe ulikuwa unaweza kukaa hivi.

Kazadi aliponiona napita karakana yake alipiga makofi. "Voilà, baba! Sasa njo uko ku nafasi yako!" Nilimwinulia mkono. Sikumwambia nafasi ile ni ya nani.

Basi nikaenda kwenu. Nilipita pale nilipoangukia, nikapita miti iliyokatwa kwa ajili ya makaa, nikafuata zile nyaya kubwa za umeme zitokazo Mwadingusha, zinazopita juu ya mapaa ya ndugu zako bila kuwashukia. Nilisali rozari peke yangu. Penye mashimo nilijikuta nanyamaza, nikingojea sauti yako iseme. Mashimo mengine niliingia kwa sababu hiyo.

Yaya Veronika alikuwa ameketi mkekani mlangoni, miguu imevimba, kichwa amekielekeza upande wa mlio. Alinitambua kwa pikipiki kabla ya kuniona.

"Shemeji, umefika mwenyewe?"

"Nimefika mwenyewe, yaya."

"Hapana mutu alikuleta?"

"Hapana."

Aliomba asogezwe karibu. Wajukuu wake walimshika mikono, akaja mpaka kwenye pikipiki, akakipapasa kiti chote, mbele na nyuma. Vidole vyake vikasimama juu ya mshono wangu mbaya.

"Na mudogo wangu alikuwa anakaa wapi?"

Nilimwonyesha. Nilidhani atanikemea, na ningekubali, kwa maana nilikuwa nimeshuka kutoka pale pale mbele ya macho yake.

"Kwa hiyo umekuya umekaa juu yake," akasema mwishowe. "Bon. Ingekuwa mbele ungeanguka, na mi ningelilia bafu babili, yeye na weye." Kisha akaagiza unga.

Nilipiga magoti, nikampa uso wangu, kama nilivyoona wengine wakifanyiwa. Akanigonga begani.

"Geuka. Kifo yake haiko ku uso. Weye ulikuwa unaangalia njia. Yeye alikuwa huku."

Nikageuka. Aliutia mkono wake wote katika unga, akauweka juu ya koti langu kati ya mabega, palepale ulipokuwa ukiweka shavu lako. Sijui nani alimwambia. Labda ulimwambia mwenyewe, zamani, mkichambua mboga. Aliubana mkono wake pale kwa nguvu zaidi ya zile nilizodhani anazo, akalitaja jina lako la ukoo, akalitaja la ubatizo, akasema, "Tunamuchukua muntu wetu. Muachie." Nilitakiwa kujibu, "Nimemwachia." Nilikawia. Wajukuu wakanitazama. Nikajibu.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, walinipeleka kwenye kile kikaburi kisichosaliwa. Mama yake alikuwapo. Nilisoma sala zote, bila kupunguza neno.

Nilirudi nikiwa nimekaa vizuri njia yote. Lakini kuna jambo moja, mama Mado, ambalo Kazadi hawezi kulirekebisha. Kile kioo cha mbele hukata upepo, nao upepo huzunguka na kunirudia mgongoni. Sikuwahi kulijua jambo hilo. Ulikuwa pale ukiupokea kwa ajili yangu, na hukunung'unika hata mara moja. Nami nilikuwa nakuuliza, tukishuka, kwa nini shali yako ni baridi.

Nilipofika Panda, Mado alinipokea nje ya ua. Nilimweleza mambo ya unga, akazunguka nyuma yangu ili auone ule mkono mweupe wa mama yake mkubwa.

"Baba, bunga iko wapi? Apa hapana kitu."

Upepo ulikuwa umekwisha kuuchukua unga wote. Nilimwambia anisaidie kulivua koti.

Jumapili nina wafu wa kuzika upande wa kwenu, nami nitakwenda. Mungu akufunike kwa joto ambalo sikujua kukupa. Usinisubiri kwa wasiwasi. Njia naijua, na mashimo nitajitajia mwenyewe.

Mimi mume wako,
baba Mado